Kitambulisho Kifike Mkononi Mwake: Mwongozo wa Kuwasaidia Wanawake wa Jamii Maskini Kupata Hati Rasmi

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya watu wanaofanya kazi karibu na wanawake wasio na vitambulisho: viongozi wa vikundi vya akina mama, wahudumu wa afya ya jamii, wasaidizi wa kisheria, walimu, viongozi wa dini, na hata maofisa wa usajili wenyewe ambao wamechoka kupeleka vifaa mahali na kurudi na majina machache. Kwa kuwa taratibu za usajili hutofautiana kutoka nchi hadi nchi, hapa hakuna orodha ya fomu. Kuna namna ya kuipanga kazi, mahali inapokwama mara nyingi, na la kufanya inapokwama.

Benki ya Dunia imekadiria kwamba watu wapatao milioni 800 duniani hawana uthibitisho rasmi wa utambulisho wao, na takwimu zake zimeonyesha kwamba katika nchi za kipato cha chini wanawake wasio na kitambulisho ni takribani 45 katika kila 100, ilhali wanaume ni 30. Pengo hilo halitokani na uzembe wa wanawake. Anayefika kwenye dirisha la usajili anahitaji karatasi za awali, nauli, muda, na mara nyingi ruhusa ya watu wa nyumbani, na katika umaskini mwanamke ndiye anayepungukiwa na vyote vinne kwa wakati mmoja. Matokeo yake tunayaona kila siku: laini ya simu imesajiliwa kwa jina la mume au la kaka, akiba yake imo katika simu hiyo, na siku wanapokosana fedha zinabaki kwa mwenye jina.

Kabla ya jambo lolote, kubalianeni kipimo cha kazi. Kampeni nyingi huhesabu watu waliojaza fomu, kisha zinatangaza ushindi. Fomu iliyojazwa haifungui akaunti wala haipigi kura. Kipimo ninachokipendekeza, na ambacho kila hatua iliyo hapa chini imejengwa juu yake, ni kadi iliyotoka, yenye jina sahihi, iliyomo mkononi mwa mwanamke mwenyewe na anayeitunza yeye. Pungufu ya hapo kazi haijakamilika.

Tafuta mahali njia ilipokatika

Kitambulisho cha mtu mzima ni hatua ya mwisho ya safari ndefu ya karatasi. Kabla yake kuna cheti cha kuzaliwa. Kabla ya cheti kuna tangazo la kizazi kutoka kituo cha afya. Pembeni kuna cheti cha ndoa, rekodi za shule, kadi ya kliniki, na vitambulisho vya wazazi. Mwanamke aliyezaliwa nyumbani, akaacha shule mapema, na ambaye ndoa yake haikuandikishwa popote, hana pa kuanzia. Kwa hiyo kumwambia tu aende akajiandikishe ni kumtuma safari ambayo itamrudisha nyumbani akiwa na aibu, na anayerudishwa mara mbili haendi mara ya tatu.

Anzeni kwa kupita nyumba kwa nyumba, na wanaouliza wawe wanawake. Msiulize kama ana kitambulisho, kwa sababu wengine watajibu ndiyo wakimaanisha kadi ya kliniki, na wengine watajibu ndiyo kwa kuona haya. Ombeni awaonyeshe karatasi zote alizonazo zenye jina lake. Hapo ndipo utaona kinachotoka chini ya godoro au juu ya kabati: mfuko wa plastiki uliofungwa mara tatu, ndani yake kadi ya chanjo iliyolowa na kukauka mpaka wino umesambaa, cheti cha ubatizo kilichokunjwa mara nne hadi mikunjo imekatika, barua ya shule isiyo na tarehe, na picha ndogo ya miaka mingi iliyopita. Mfuko huo ndio faili lake. Usiuchukue. Keti naye, nakili kila kilichoandikwa, na umrudishie kabla hujaondoka.

Kila mwanamke awe na ukurasa wake katika daftari. Andika jina lake kama lilivyo katika kila karatasi, herufi kwa herufi bila kusahihisha, tarehe ya kuzaliwa kama ilivyo katika kila karatasi, mahali alipozaliwa, majina ya baba na mama, na karatasi gani inakosekana. Ukimaliza, utaona kwamba wanawake wako katika makundi ambayo hayafanani. Wako wenye karatasi zote waliozuiwa na umbali au ada tu. Wako wasio na cheti cha kuzaliwa. Wako wenye karatasi zinazopingana. Na wako wachache ambao uraia wao wenyewe unatiliwa shaka. Kundi la kwanza litangulie, kwa sababu kadi zao zikitoka, jirani zao wataamini kwamba jambo hili linawezekana. Kundi la mwisho linahitaji mwanasheria tangu siku ya kwanza, na asiwepo hata mmoja wao anayepelekwa dirishani peke yake, maana jibu baya lililoandikwa kwenye rekodi ni gumu kulifuta.

Kwa wasio na cheti cha kuzaliwa, karibu kila nchi ina utaratibu wa usajili uliochelewa. Ushahidi unaokubalika mara nyingi ni rejista ya shule, kadi ya chanjo, kumbukumbu za nyumba ya ibada, na kiapo cha watu wanaojua alizaliwa lini na wapi. Pale ambapo ofisi inang'ang'ania karatasi ambazo hazijawahi kuwepo, dai njia ya mdhamini. India ilipoanza kutoa namba za utambulisho ziitwazo Aadhaar mwaka 2010, mtu asiye na hati yoyote aliweza kuandikishwa kwa kutambulishwa na mtu aliyeidhinishwa kwa kazi hiyo, na mfano huo unafaa kuwekwa mezani unapozungumza na wakuu wa usajili. Wakunga wazee, walimu wastaafu na viongozi wa mtaa ni mashahidi wazuri. Lakini shahidi awe anamjua mwanamke huyo kwa hakika. Kiapo cha uongo ni kosa la jinai, na kikigunduliwa kimoja, wanawake wote waliosimama nyuma yake watatazamwa kwa jicho la mashaka.

Siku hiyohiyo unapoandika habari za mama, andika na za watoto wake. Kwa hesabu za UNICEF za mwaka 2024, watoto wapatao milioni 150 wenye umri wa chini ya miaka 5 hawajasajiliwa kuzaliwa kwao. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, katika kifungu cha 7, unataka mtoto asajiliwe mara tu anapozaliwa. Binti asiyesajiliwa leo ndiye mwanamke ambaye mtahangaika naye miaka 20 ijayo, na kumsajili sasa ni kazi nyepesi kuliko itakavyokuwa wakati huo.

Jina moja, na liwe lake

Nikitakiwa kutaja jambo moja linaloangusha maombi mengi kuliko yote, nitataja majina. Chukua mfano wa mwanamke ambaye rejista ya shule inamwita Zainabu Juma, kadi ya kliniki inamwita Zainab pamoja na jina la ukoo wa mume, na daftari la kikundi cha akiba linamwita kwa jina la mtoto wake wa kwanza. Yeye hajawahi kudanganya mtu. Kila aliyeshika kalamu aliandika alivyosikia. Lakini karani aliye dirishani anaona watu watatu, na anamrudisha.

Suala hili limalizwe kabla ya siku ya usajili. Mwelezeni mwanamke kwamba jina atakalolichagua litamfuata benki, hospitali, mahakamani na katika mirathi, kisha mwacheni achague. Ushauri wangu, kwa niliyoyaona, ni kutumia majina aliyozaliwa nayo, kwa sababu hayabadiliki kwa talaka wala kwa kufiwa. Lakini uamuzi ni wake. Katika nchi za Afrika zilizoridhia Itifaki ya Maputo ya mwaka 2003, kifungu cha 6 kinampa mwanamke aliyeolewa haki ya kubaki na jina lake la ukoo, na anaweza kulitumia apendavyo, peke yake au pamoja na la mume. Akishachagua, kiandaliwe kiapo kimoja kinachotaja namna zote ambazo jina lake limewahi kuandikwa na kueleza kwamba wote hao ni mtu mmoja. Taja hata tofauti ya herufi moja. Wapo wanaodhani kwamba Zainab na Zainabu ni kitu kilekile. Mashine haidhani hivyo.

Asiyejua kusoma ana haki ya kukagua jina lake kama mtu mwingine yeyote. Siku chache kabla ya usajili mwandikie jina lake kwa herufi kubwa kwenye kipande cha karatasi ngumu, mkae pamoja, na umwonyeshe kila herufi kwa kidole mpaka azoee umbo lake: hii yenye mstari mmoja uliosimama, hii ya mviringo, hii inayokuja mara mbili. Siku ya usajili, karani anapomaliza kuchapa, mwanamke aombe kuonyeshwa kioo cha kompyuta au karatasi ya uhakiki, aweke kipande chake pembeni, na alinganishe herufi moja baada ya nyingine. Inachukua dakika moja. Kurekebisha kosa baada ya kadi kutoka huchukua miezi, na mara nyingi hulipiwa.

Tarehe ya kuzaliwa ina matatizo yake. Mwanamke asiyejua tarehe yake asiachwe aandikiwe yoyote inayomjia karani, kwa sababu tarehe hiyo itaamua lini atastahili pensheni na huduma za wazee. Msaidieni kukadiria kwa kutumia matukio: alikuwa na umri gani wakati wa mvua fulani kubwa au uchaguzi fulani, nani katika rika lake ana cheti, mtoto wake wa kwanza alizaliwa mwaka gani. Na hapa niseme bila kuzunguka: usikubali kamwe kuongeza umri wa msichana ili aonekane ametimiza miaka 18. Wanaoomba jambo hilo kwa kawaida wanataka kuficha ndoa ya mtoto, na karatasi utakayosaidia kuitengeneza ndiyo itakayomfunga.

Ruhusa ya mume na sheria yenyewe

Katika ofisi nyingi mwanamke huulizwa kitambulisho cha mume, cheti cha ndoa, au aje na mwanamume wa kumdhamini. Hatua yenu ya kwanza ni kujua kama sharti hilo lipo katika sheria au ni mazoea ya dirishani. Ombeni orodha rasmi ya masharti kutoka makao makuu ya usajili, ikiwa na muhuri, na mwanamke aende nayo. Mara nyingi sharti huyeyuka pale karani anapoona waraka wa wakubwa wake. Kwa nchi zilizoridhia Mkataba wa Kuondoa Aina Zote za Ubaguzi Dhidi ya Wanawake wa mwaka 1979, kifungu cha 15 kinamtambua mwanamke kuwa na uwezo wa kisheria sawa na mwanamume, na kifungu cha 9 kinampa haki sawa katika uraia wake na wa watoto wake.

Pale ambapo sheria yenyewe ndiyo inayobagua, kazi ni ndefu zaidi. Bado kuna nchi zaidi ya 20 ambazo mwanamke hawezi kumpa mtoto wake uraia kwa masharti sawa na mwanamume, na mama wa namna hiyo anaweza kuwa na kadi yake na watoto wake wakabaki bila nchi. Hilo linahitaji mahakama na bunge. Lakini sheria hubadilika: nchini Afghanistan, baada ya wanawake kupaza sauti kwa miaka kadhaa wakitaka majina yao yatajwe, mwaka 2020 sheria ilirekebishwa ili jina la mama liandikwe kwenye kitambulisho pamoja na la baba. Kilichoanza kama malalamiko kiliingia katika kitabu cha sheria, hata kama misukosuko ya nchi hiyo imefuata baadaye.

Waume na wakwe msiwaache nje ya mazungumzo, na msiwahutubie. Waelezeni faida inayoingia nyumbani: matibabu, ruzuku, mkopo, mirathi ya watoto isiyo na utata. Pakistan ilipoanzisha mpango wa Benazir wa kuzisaidia familia maskini mwaka 2008, fedha zilipangwa zipokelewe na mwanamke mwenye kitambulisho cha taifa, na familia ambazo hazikuwahi kuona sababu ya wanawake wao kuwa na kadi zikawapeleka kujiandikisha. Faida ikionekana, mlango hufunguka. Tahadhari yake ni kwamba anayempeleka mwanamke kwa ajili ya fedha anaweza pia kutaka kuishika kadi, na hilo nitalirudia mbele.

Gharama

Hata pale ambapo kadi ni ya bure, safari si ya bure. Jumlisheni nauli ya kwenda na kurudi mara mbili, nakala, picha, kiapo, na siku ya kibarua iliyopotea, kisha mjue mnahitaji kiasi gani kwa kila mwanamke. Ombeni msamaha wa ada kwa maandishi na kwa kundi zima, kwa sababu maombi ya mmoja mmoja huishia kwenye droo. Vishoka, yaani madalali wasio rasmi, hustawi pale watu wasipojua masharti wala bei halali. Kwa hiyo bandikeni orodha ya masharti na ada mahali wanawake wanapopita kila siku, kwa lugha wanayoizungumza, na isomwe kwa sauti katika mikutano. Anayeombwa rushwa aandike tarehe, saa na dirisha, na kiongozi wa kikundi ndiye alifikishe lalamiko, asibaki nalo peke yake.

Leteni ofisi karibu

Hakuna jambo linaloongeza idadi ya wanawake waliosajiliwa kama kuhamisha vifaa vya usajili kuvifuata walipo. Peru imepeleka maofisa wake kwa boti katika mito ya Amazon. Pakistan ina magari ya usajili na vituo vinavyohudumia wanawake peke yao. Bangladesh, katika miaka ya 2007 na 2008, iliandikisha watu zaidi ya milioni 80 kwa ajili ya daftari la wapiga kura lenye picha, kazi iliyozaa pia kadi za utambulisho, na wanawake walioandikishwa wakawa wengi kidogo kuliko wanaume.

Ili ofisi ikubali kuja, msiende kuomba kwa maneno matupu. Nendeni na daftari. Kiongozi wa usajili anayeambiwa kwamba wanawake wanateseka atasikitika na kuendelea na shughuli zake. Anayeonyeshwa kurasa za wanawake walio tayari, wenye karatasi zilizokamilika na mashahidi waliothibitishwa, anaona siku moja ya kazi itakayompa matokeo ya kuripoti. Tayarisheni na barua ya kupeana majukumu: nani analeta mashine, nani analeta umeme, nani analipia mafuta ya gari, nani anahifadhi vifaa usiku.

Tarehe na saa zipangwe na wanawake wenyewe. Wao ndio wanaojua siku za kilimo kizito, siku za gulio na saa ambazo maji hutoka. Mahali pawe pale ambapo mwanamke anaweza kwenda bila kuulizwa anafuata nini: zahanati siku ya kliniki, shule, ukumbi wa ibada. Pawe na kivuli, maji ya kunywa, choo kinachofungika, na mtu wa kuwaangalia watoto, kwa sababu foleni ya kusubiri kwa muda wa saa nne ukiwa na mtoto mgongoni na mwingine mkononi humalizwa na wachache. Toeni namba za zamu ili wanaoishi jirani waweze kwenda nyumbani na kurudi. Wajawazito, wazee na wenye ulemavu watangulie, na kwa asiyeweza kutoka kitandani mashine ipelekwe kwake jioni.

Ombeni angalau mmoja wa maofisa awe mwanamke, na awe ndiye anayepiga picha na kuchukua alama za vidole. Wanaofunika nyuso au vichwa wawekewe sehemu ya pembeni yenye pazia, na waelezwe mapema ni kiasi gani cha uso sheria inataka kionekane, maana wengi huambiwa wavue zaidi ya inavyotakiwa. Hili ni jambo dogo kwa aliyepanga bajeti. Kwa mwanamke aliyeketi mbele ya kamera, ndilo linaloamua kama atabaki kwenye kiti au atainuka.

Vidole vilivyosuguliwa na kazi

Mashine za alama za vidole husoma mistari midogo iliyo kwenye ngozi, na mikono ya wanawake maskini ni mikono iliyosugua, iliyofua, iliyoponda mawe, iliyolima na iliyoshika sabuni kali kwa miaka. Mistari hiyo hulika. Mwanamke anaweka kidole gumba kwenye kioo, taa inawaka nyekundu. Anaambiwa abonyeze zaidi, inawaka nyekundu tena. Anaanza kukifuta kwenye nguo yake kwa haraka kana kwamba amekosea, huku foleni yote ikimtazama.

Karani aliyefundishwa hatamwambia abonyeze zaidi. Atakifuta kwanza kioo cha mashine, kwa sababu mafuta ya vidole vya waliotangulia huharibu usomaji. Kisha atampa kitambaa chenye unyevu kidogo afute kidole, asubiri kipungue maji, na ajaribu kwa kukilaza badala ya kukichomeka. Vidole vikavu sana husaidiwa na mafuta laini kidogo yaliyopakwa mapema na kufutwa. Vilivyolowa navyo havisomeki. Jaribu vidole vyote kumi na uhifadhi vile vinavyotoka vizuri. Waelezeni wanawake wanaoponda mawe au kufua kwamba siku mbili tatu za kupumzisha mikono husaidia, lakini msiwageuzie jukumu: siku mbili bila kibarua ni siku mbili bila chakula. Vikishindikana vyote, mfumo lazima uwe na njia nyingine, iwe mboni ya jicho, picha ya uso au kumbukumbu ya ofisa kwamba alama hazikupatikana, na njia hiyo iandikwe wazi ili asije akakataliwa baadaye anapotakiwa kuthibitisha kwa kidole.

Kuanzia fomu hadi kadi

Hapa ndipo kampeni nyingi huacha kazi. Kila mwanamke aondoke na stakabadhi yenye namba ya maombi, na namba hiyo iandikwe kwenye ukurasa wake. Muulizeni pia ujumbe wa simu utakwenda kwa nani, kwa sababu simu ya nyumba huwa ya mume au ya kijana wa kiume, na ujumbe unaosema kadi iko tayari unaweza kusomwa, kufutwa na kusahaulika. Mtu mmoja katika kikundi akabidhiwe kazi ya kwenda ofisini kila baada ya wiki mbili na orodha ya namba. Utashangaa ni kadi ngapi zimekaa kwenye maboksi zikisubiri wenyewe ambao hawakuambiwa kitu. Ombeni siku ya kuzigawa palepale zilipoombewa, mbele ya ofisa, na kila kadi ikaguliwe jina, tarehe, jinsia na picha kabla ya kusaini.

Kisha zungumzeni kuhusu kuitunza. Wakopeshaji huishika kadi kama dhamana, waajiri wa wafanyakazi wa nyumbani huifungia kabatini, na waume huiweka pamoja na karatasi zao. Mwanamke ajue kwamba kadi ni yake, na kwamba nchi nyingi zinakataza mtu mwingine kuizuia. Hata hivyo ajiwekee kinga: namba yake aikariri au aiandike mahali pengine, nakala moja ibaki kwa mtu anayemwamini, na ajue mapema utaratibu wa kupata nyingine ikipotea.

Wanaohitaji uangalifu zaidi

Mjane na aliyeachwa wasaidiwe kupata cheti cha kifo au hati ya talaka mapema, kwa kuwa bila hizo hali yao ya ndoa itaendelea kuandikwa kama ilivyokuwa. Mwanamke aliyekimbia ukatili wa nyumbani aulize, kabla ya kutaja anwani, ni nani anaweza kuiona katika mfumo, na kama anaweza kutumia anwani ya ofisi ya ustawi wa jamii au ya msaidizi wa kisheria. Mkimbizi asipelekwe kabisa kwenye ubalozi wa nchi aliyoikimbia kutafuta hati; aelekezwe kwa mamlaka ya wakimbizi ya nchi aliyopo au kwa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, kwa sababu ziara moja ubalozini inaweza kumweka hatarini na kutia doa madai yake ya hifadhi.

Wakimkataa

Asiondoke na jibu la mdomo. Aombe sababu kwa maandishi, jina la karatasi inayokosekana, na tarehe ya kurudi. Karani akikataa kuandika, anayemsindikiza aandike yeye mbele yake, na amsomee. Kisha fuateni ngazi: msimamizi wa ofisi, ofisi ya mkoa, tume ya haki za binadamu au taasisi inayopokea malalamiko dhidi ya utumishi wa umma, na mwisho mahakama. Malalamiko kumi yanayofanana yaliyopelekwa kwa pamoja husikilizwa kuliko kumi yaliyokwenda kwa miezi tofauti. Azimio la Ulimwengu la Haki za Binadamu la mwaka 1948, katika kifungu cha 6, linasema kila mtu ana haki ya kutambuliwa mbele ya sheria mahali popote, na lengo namba 16.9 la Maendeleo Endelevu linataka utambulisho wa kisheria kwa wote ifikapo mwaka 2030. Maofisa wengi wanalijua lengo hilo kwa sababu wizara zao huliandikia ripoti. Litajeni katika barua.

Pingeni pia, kwa heshima na kwa uthabiti, kila agizo linalofanya kadi kuwa sharti la matibabu, chanjo, uzazi au shule kabla kadi hazijawafikia watu wote. Anayeumia kwa agizo hilo ni yuleyule ambaye ofisi haijamfikia. Ombeni kipindi cha mpito na hati mbadala inayokubalika, na muulize kituo cha afya chenu kinamfanyia nini mama mwenye uchungu asiye na namba.

Daftari lenyewe

Daftari mlilolianzisha lina majina, umri, ndoa, vifo na anwani za wanawake, na kwa mtu mwenye nia mbaya ni hazina. Liwekwe na mtu mmoja, chini ya kufuli. Lisipigwe picha na kutumwa kwenye makundi ya simu, lisiazimwe na wagombea wakati wa uchaguzi, wala wakopeshaji wasilione. Kila mwanamke aelezwe tangu mwanzo linaandikwa kwa ajili gani na akubali mwenyewe. Siku anapokabidhiwa kadi, aisome au isomwe mbele yake, aweke alama kwamba ameipokea, arudishiwe nakala zake zote, na ukurasa wake uchanwe na kuchomwa akiwa anatazama. Kinachobaki katika daftari ni hesabu tu, kadi moja zaidi iliyofika kwa mwenyewe, na kurasa za wale ambao bado mnawafuatilia.